Waliolala Juu ya Mizigo

Kashebere, 2012

Tarehe 17, mwezi wa kenda

Leo patron, bosi wetu, amebandika karatasi kwenye mlango wa depo. Ametumia misumari minne kwa karatasi moja, kwa hiyo tulijua kwamba ni habari mbaya. Habari njema huzisema kwa mdomo, akiwa anatembea.

Karatasi inasema njia ya Walikale imekufa. Magari mawili kati ya matatu yatarudi Butembo vita ikipungua, na kila mfanyakazi atakayependa kuondoka kwa hiari yake, bila kufukuzwa, atapewa mishahara mitatu mkononi. Kifaransa chake ni départ volontaire. Benoît, mmoja wa wanaosafiri na mizigo, aliniomba nimsomee mara mbili.

"Kwa hiari ya nani?" akauliza.

"Yako."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama Consolée, miaka saba niko hapa, sikujuaka kama niko na hiari. Ilikuwa wapi?"

Mimi njo pointeuse wa depo. Ninaandika nani amefika, nani hajafika, gari gani imetoka na watu gani juu yake, imerudi lini. Shule niliacha mwaka wa tatu. Mengine nimejifunza kwenye maboksi ya sabuni na kwenye misale ya marehemu bwana yangu. Daftari la kazi ni la patron. Hili ni langu, na ndani yake naweza kuandika hata waliofika lakini hawakuwapo.

Tarehe 18

Mvua.

Tarehe 20

Mvua. Watu watano wamejiandikisha kuondoka, na wote ni convoyeurs. Hao ndio wanaopanda juu ya mizigo kutoka Goma mpaka Walikale, wanaosukuma, wanaochimba matope kwa mikono, wanaoshusha magunia mia mbili na kuyapandisha tena. Gari ikizama inaweza kukaa siku tatu ao kumi na tatu. Dereva anatafuta kitanda kijijini. Convoyeur anabaki juu ya mizigo, chini ya hema la plastiki, mpaka Mungu akumbuke barabara.

Aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha ni Papa Kabera, mkubwa wao, miaka kumi na moja kazini. Sokoni wanamwita Papa Usingizi tangu mwaka jana. Sitajifanya mtakatifu hapa: mimi pia nimemwita hivyo, na nilicheka.

Tarehe 23

Nilikwenda kwa Vestine, mke wa Kabera, kuomba kaa moja la moto. Langu lilizimwa na mvua. Akasema hana. Moto uliwaka nyuma yake kabisa, niliuona. Wanakaa katika kibanda cha hema tangu walipokimbia Buleusa, na hema lenyewe limetoboka, lakini uchoyo wake haujatoboka hata kidogo.

Tarehe 24

Kabera alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu, maji yakimtoka kwenye kofia. Nilidhani anangoja mvua iishe.

"Mama Consolée, zile masiku tulikuwa tunabakia ku matope, iko mu kitabu yako?"

"Ziko."

"Yote?"

"Ya miaka mitatu. Daftari za zamani ziliungua tulipokimbia."

Akahesabu kitu na vidole, akarudia. Anataka kurudi Buleusa na kuweka manjanja juu ya nyumba, manjanja ishirini ya bati, asilale tena chini ya plastiki. Mishahara mitatu italipa miti, misumari na fundi. Manjanja yenyewe yatoke kwenye malipo ya masiku, kila usiku walioukaa nje.

Benoît njo amemtia wazo hilo. Binamu yake anafanya kazi Goma katika shirika la wazungu, na huko mtu akipita saa kumi na moja jioni wanamlipa zaidi, na akipita usiku wanamlipa zaidi ya zaidi. Wanaita heures supplémentaires. "Sisi tulipita usiku, tukapita asubuhi, tukapita tena usiku," alisema Benoît. "Wale bazungu wangetulipa mpaka wauze gari."

Tarehe 26

Wameingia kwa patron, wote watano. Mlango ulibaki wazi kwa sababu haufungi vizuri wakati wa mvua, na meza yangu iko pale ilipo.

Patron wetu ni Papa Apollinaire Muhindo, Mu-Nande wa Butembo, mfanyabiashara mwana wa mfanyabiashara. Rozari mkono wa kushoto, kalkuleta mkono wa kulia, na sijawahi kuona mikono hiyo ikikosana. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu:

"Usiku, ku gari, mulikuwa munafanya nini?"

"Tulikuwa tunalinda mizigo, patron," Benoît akajibu.

Patron akafungua sanduku, akatoa karatasi tano, akazipanga mezani kama mtu anayecheza karata. Akasoma ya juu: "Mimi Kabera, usiku wa tarehe 14 mwezi wa tatu, nilikuwa nimelala. Sikuona mtu. Sikusikia kitu." Akasoma ya pili. Ya tatu. Zote tano zililala.

"Sahihi ni zenu," akasema. "Muntu akilala, analinda nini? Ndoto?"

Walitoka mmoja mmoja. Kabera alipopita mbele yangu hakuniangalia, na nilijua kwa nini. Sahihi ni zao, lakini maandishi ni yangu.

Tarehe 27

Niandike jinsi ilivyokuwa, nisije nikajidanganya na mimi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, gari ilizama siku sita njia ya Walikale. Usiku wa tarehe 14 watu wenye bunduki walitoka msituni, wakachukua chumvi, sabuni na mafuta, na wakamchukua Prince, convoyeur wa sita, awabebee. Prince hajarudi. Baada ya siku mbili wakubwa wa serikali walikuja kuuliza nani aliona nini. Hapa kwetu swali hilo halina jibu zuri. Aliyeona ataulizwa na hawa kwa nini alinyamaza, na kesho ataulizwa na wale kwa nini alisema. Kwa hiyo wote watano walikuja kwangu usiku haujaingia, nikawaandikia karatasi tano: nilikuwa nimelala. Ilikuwa dawa. Wakubwa walicheka, wakamwachia patron karatasi, wakaondoka. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyefuatwa nyumbani.

Hatukujua kwamba dawa ile ingekaa katika sanduku la patron mwaka mzima na nusu, ikigeuka sumu polepole.

Tarehe 29

Mvua. Patron anasema ahadi yake inaisha mwisho wa mwaka. Anayetaka mishahara mitatu atatia sahihi karatasi ya kusema hadai tena kitu chochote, mchana ao usiku. Anayedai usiku abaki na usiku wake.

Tarehe 4, mwezi wa kumi

Wawili kati ya watano wanataka kutia sahihi na kumaliza. Benoît amewatukana, eti wao ni wanawake. Wake zao wamesikia, na sasa Benoît njo anayejificha.

Tarehe 9

Nimefanya kosa. Benoît alikuwa analalamika mezani kwangu, anasema hakuna karatasi hata moja duniani inayosema walikuwa macho. Mdomo wangu ukasema: iko moja.

Iko kweli. Wiki ileile ya karatasi tano, patron aliniita nimwandikie barua kwa chama cha wafanyabiashara wenzake Butembo, wanachochangia wote ili mwenye hasara asaidiwe. Chama hakimsaidii mtu aliyelala juu ya mali yake. Basi patron alisema, nikaandika: "Walinzi wangu walikesha, walipigana kwa ujasiri, wakazidiwa nguvu." Patron alisaidiwa. Mimi nilibaki na nakala ya kwanza, ile yenye makosa, kwa sababu situpi karatasi iliyo na upande mweupe.

Wiki moja, kalamu moja, watu walewale. Katika karatasi tano walilala na katika moja walikesha. Kama ningekuwa na diploma, wangeniita mwongo. Kwa kuwa sina, wananiita mama mwenye mwandiko mzuri.

Benoît aliruka juu. "Mama! Toa ile barua! Tunamufunga patron kwa kamba yake mwenyewe!"

Nikamwambia ashushe sauti. Hajui kushusha.

Tarehe 10

Mvua. Benoît amekuja mara tatu.

Tarehe 11

Mvua. Mara nne. Amenipa ndizi.

Tarehe 13

Saa sita mchana mvua ilipiga bati la depo mpaka huwezi kusikia mtu akiwa mbele yako. Kabera aliingia, akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na sikio langu. Nilielewa kwamba alikuwa amengoja mvua ya namna hiyo.

"Ile barua usiitoe," akasema.

"Papa Kabera, ile barua njo manjanja yako."

"Najua. Usiitoe. Ikisema tulikuwa macho, basi tuliona. Na wale bantu banaishi wapi sasa? Uko nabaona kila siku ya soko."

Ni kweli. Wale wa msituni wa mwaka jana, wengine wameshuka, wanashika kizuizi cha barabara upande wa juu, wanatoza kila baiskeli. Wanajiita walinzi wa amani. Mkubwa wao huja depo kununua sigara, na ninamwandikia deni.

Niliuliza jambo ambalo sikupaswa kuuliza. "Na weye, uliona?"

Mvua ilipungua kidogo, naye akangoja izidi tena.

"Nilikuwa chini ya hema, katikati ya magunia ya chumvi. Macho yangu ilikuwa wazi kama ya samaki. Bengine balikimbia. Prince balimushika mukono. Aliniita. 'Papa Kabera.' Mara mbili. Hakulia, aliniita tu, vile unaita muntu aje kusaidia kubeba kitu." Akajipangusa uso. "Sikuitika. Ningeitika, balikuwa banabeba wawili."

Nilimwandikia katika kichwa changu jina jipya, na lile la sokoni nikalikata. Miezi kumi na minane watu wanamcheka kwa usingizi, na yeye anauvaa kama koti, kwa sababu chini yake yuko uchi.

"Mama Vestine anajua?"

"Anajua kwamba sikulala tangu ile siku."

Tarehe 14

Siku ya Mungu. Padri hakufika, kwa sababu ya barabara. Tuliimba wenyewe.

Tarehe 22

Mkubwa wa mambo ya kazi, yule wa Walikale, amepigiwa simu na Benoît kutoka juu ya kilima, pale ambapo mtandao unapatikana ukisimama kwa mguu mmoja. Anasema hawezi kufika, njia haipitiki. Malizeni kwa barza, kikao mbele ya chef wa kijiji, andikeni, mnitumie. Benoît amefurahi. Mimi sijafurahi: barza ni ya watu wote, na watu wote maana yake ni pamoja na wale wa kizuizi.

Tarehe 30

Mvua. Chef anaomba bia ya kufungua barza. Patron anasema wadai walete. Wadai wanasema mdaiwa alete. Imekwama hapo kama gari.

Tarehe 12, mwezi wa kumi na moja

Bia imepatikana. Wamechangia nusu kwa nusu. Ni jambo la kwanza walilokubaliana tangu mwezi wa kenda.

Tarehe 20

Radio inasema Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Watu wamesimama barabarani wakiangalia upande wa Goma, kana kwamba mtu anaweza kuiona kutoka hapa.

Gari moja ya patron ilikuwa kule ikipakia. Simu ya dereva haiiti. Patron alikaa siku nzima na radio kwenye magoti, hakula, rozari ilikuwa kwenye mkono wa kulia kwa mara ya kwanza. Jioni aliniita.

"Mama Consolée, unafikiri niko na pesa?"

"Sifikirii pesa ya watu, patron. Ninaandika tu."

"Niko na magari. Moja iko mu matope, moja haina moteri, na moja leo sijui ni ya nani. Baba yangu alikufa akiwa na deni ya watu wanane. Nilisema miye sitakufa vile." Akapunguza sauti ya radio. "Ile barua ya Butembo. Unayo?"

Nilisema ninayo.

"Chama kikijua, banaomba yote irudi. Banaweza kunitoa. Mu-Nande akitolewa na wenzake, anauzia nani?" Hakuniomba niichome. Alitaka tu mtu mwingine ajue uzito wake. Nilipokuwa natoka alisema: "Prince alikuwa mutoto muzuri. Niliandika kwamba aliacha kazi bila taarifa. Nilikosa neno ingine."

Nimekuwa nikimwona patron kama kalkuleta yenye miguu. Leo nimemwona kama Kabera: mtu aliyelala juu ya kitu na hawezi kushuka.

Tarehe 24

Dereva amepiga simu. Gari ipo, matairi hayapo.

Tarehe 27

Barza imefanyika leo asubuhi katika darasa la shule, kwa sababu bati lake linavuja mahali pawili tu. Nitaiandika yote.

Chef alikaa kwenye meza ya mwalimu, akiangalia dari kila mara kuona tone linaanguka wapi. Patron upande mmoja, wadai watano upande mwingine kwenye madawati ya watoto, magoti yao masikioni. Wanawake walisimama nje mlangoni. Na dirishani, amekaa juu ya ukuta na mabuti yake yenye matope, yule mkubwa wa kizuizi. Alisema amekuja kwa mambo ya usalama. Alikuwa anachokonoa meno na njiti ya kiberiti.

Mimi nilikuwa mwandishi. Barua ya patron ilikuwa tumboni kwangu, chini ya kitenge. Sikuwa nimeamua lolote. Benoît alijua iko hapo. Kabera alijua. Patron pia alijua. Sijawahi kuangaliwa tumbo namna hiyo tangu mimba ya mwisho.

Patron alisema kwa ufupi. Akaniomba nisome karatasi tano. Nikasoma: nilikuwa nimelala, nilikuwa nimelala. Kwenye ya tatu watu walianza kucheka, kwenye ya tano waliisema pamoja nami kama kiitikio cha wimbo.

"Chef," patron akasema, "miye nilipe muntu juu ya kulala? Basi na weye unilipe, nalalaka kila siku."

Kicheko. Hata chef. Mkubwa wa kizuizi alicheka pia, na nilitamani asingecheka.

Benoît akasimama. "Chef, ile karatasi haiko ukweli yote. Iko karatasi ingine—"

"Ikala," Kabera akamwambia akae, bila kupaza sauti.

"Papa, tunaibiwa!"

"Benoît. Ikala."

Chef akainama mbele. "Karatasi gani ingine? Hapana, ngoja. Tuulize muntu mwenyewe, iko hapa. Papa Kabera, weye njo mukubwa wao. Useme mbele ya bantu. Ile usiku, ulikuwa unalala ao ulikuwa macho?"

Njiti ya kiberiti ikasimama kwenye meno. Niliweka mkono juu ya tumbo langu. Sijui kama ilikuwa kuitoa ao kuizuia. Kabera aliangalia mikono yake, halafu akainua uso, hakuangalia dirishani, aliangalia chef.

"Nilikuwa nalala, chef."

"Na masiku ingine?"

"Ile ingine pia. Tulikuwa tunalala."

Patron alikunja mikono. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Njiti ikaanza tena kazi yake. Chef akachukua kalamu kumaliza maneno, kwa sababu tone la tatu lilikuwa limeanza, karibu kabisa na meza yake.

"Chef, unipe nafasi."

Alikuwa Vestine. Alikuwa ameingia mpaka katikati, maji yakimchuruzika, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mama, hii ni mambo ya kazi," chef akasema.

"Njo maana nimekuja. Mumesema bwana yangu alikuwa analala. Nimekubali. Nauliza tu, alikuwa analala fashi gani?"

"Ku gari."

"Ya nani?"

"Mama, gari ya patron, kila muntu anajua."

"Ah. Sasa, kama ni kulala tu, kwangu mukeka haina?" Akamgeukia patron. "Ni kweli kwangu kunavuja. Lakini matope yako inavuja kushinda kwangu. Muntu anaacha bibi yake, anaenda kulala juu ya chumvi, anapenda chumvi?"

Wanawake mlangoni walipiga kigelegele kimoja kifupi, cha kuchokoza. Patron alijikuna shingo.

"Papa Apollinaire," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "ile masiku, ungemuambia 'enda kulala kwako', angebakia ku gari?"

"Angeenda kwake," patron akasema.

"Ulimuambia?"

"Sikumuambia."

"Donc usingizi ilikuwa yake, lakini fashi ya kulala ilikuwa amri yako. Hata imbwa ya kulinda inalalaka. Akilala kwako anakula kwako. Akilala kwa jirani, haiko imbwa yako tena."

Chef alitaka kujua nani atathibitisha masiku hayo, kwa sababu daftari, alisema, huandikwa na yule anayelipwa na patron. Hapo akaniangalia. Sikukasirika, alikuwa na haki.

"Jirani zangu," Vestine akajibu. "Sisi bantu ba pori, bwana akiwa inje anawinda, bibi hatoi moto ku nyumba. Ukitoa moto, bwana anapotea. Kwetu haiko kitu ya kucheza. Ile masiku yote alikuwa ku gari, sikupana moto. Muulize Mama Adelaïde nilimunyima mara ngapi."

Mama Adelaïde, mjane anayeuza mafuta ya mawese na mkristu mkali, alisukumwa mbele. "Ni kweli, chef. Alininyima moto mpaka nilisema huyu muntu ni muchawi. Nilitembea na mvua mpaka kwa mwalimu kutafuta kaa." Akafikiri. "Mara nyingi sana. Nilihesabu, juu nilikuwa nahesabu zambi zake."

Watu walivunjika mbavu. Mimi sikucheka sana. Tarehe 23 mwezi wa kenda Kabera alikuwa ameenda na gari ya Masisi. Nimefungua daftari la kazi na kuona. Kaa lile halikuwa uchoyo.

Chef aliangalia dari, akaangalia bia, akaamua. Kulala si kazi, alisema. Lakini kulala mahali ulipoambiwa ulale, mbali na nyumba yako, si kulala kwako. Kila usiku nje utalipwa nusu ya siku, yaani dola moja, kwa sababu walilala. Wangekesha, ingekuwa siku nzima. Hakuna aliyeridhika, kwa hiyo watu walisema ni hukumu nzuri. Patron alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Mkubwa wa kizuizi alishuka dirishani, akampiga Kabera begani: "Papa Usingizi, ulale vizuri." Akaenda. Hakuna mtu aliyeona kitu, na watu watano watalipwa kwa sababu hiyohiyo.

Barua nimeitia motoni wakati wa kupika maharage. Iliwaka vibaya, ilikuwa na jasho.

Tarehe 28

Benoît anasema nimeuza nusu ya usiku wake. Nimemwambia ni kweli. Amenidai zile ndizi.

Tarehe 30

Patron ameuza gari isiyo na moteri.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na mbili

Leo wametia sahihi. Patron aliweka pesa katika mafungu matano, nami nikasoma majina, mishahara mitatu, na masiku. Wawili wa kwanza walipokea bila kuhesabu, wakahesabu mlangoni. Wa tatu alihesabu mbele ya patron, patron akahesabu naye. Benoît alipokea akasema atafungua biashara ya simu juu ya kilima, ya kukodisha mahali pa kusimama. Huenda asiwe anatania.

Kabera akaja wa mwisho. Vestine alikuwa nje na kikapu na kuku mmoja, tayari kwa safari ya Buleusa. Wanaondoka na miguu kabla ya mvua ya alasiri.

Nilisoma: "Kabera, mishahara mitatu. Masiku mia moja na sitini na mbili."

"Toa moja," akasema.

Nilidhani sikusikia. Patron pia aliinua kichwa.

"Toa gani, Papa?" nikauliza.

"Weye unajua."

Nilijua. Tarehe 14, mwezi wa tatu, mwaka jana. Ilikuwa kwenye mstari wa themanini na saba, na mwandiko wangu.

Patron alisukuma fungu la pesa mbele yake. "Papa Kabera, ile pia ni haki yako. Chef alisema kila usiku inje. Ata ile ulilala inje."

Kabera aliangalia fungu lile. Alikuwa mtu anayeona manjanja ishirini, anayejua kila moja lina uzito gani. Akatoa noti ya dola moja kutoka juu, akairudisha mezani, akailaza sawa na ukingo wa meza, kama mtu anayeogopa kuichafua.

"Bananilipa juu ya kulala," akasema polepole. "Ile moja hapana."

Patron hakuigusa noti. Nadhani alianza kuelewa, kisha akaamua kutoelewa, na safari hii sikumlaumu.

Nikachukua kalamu. Nimekata majina ya watu wengi katika daftari lile: waliofukuzwa, waliokimbia, waliokufa, Prince. Wengi pia wamenijia kuomba niongeze siku ambazo hawakufanya kazi. Nilipiga mistari miwili juu ya tarehe 14, nikajumlisha upya, nikamgeuzia daftari.

Mia moja na sitini na moja. Akasoma namba kwa kidole, mpaka mwisho, halafu akatia sahihi.